Mnara Uliojikunja: Historia Fupi ya Kanisa la Mtakatifu Maria na Watakatifu Wote, Chesterfield

Anayeshuka kwenye treni mjini Chesterfield, katika mkoa wa Derbyshire nchini Uingereza, hana haja ya kuuliza kanisa liko wapi. Akiinua macho tu ataliona. Juu ya mapaa ya mji kumesimama mnara uliosokoteka kama nguo iliyokamuliwa, ukaegemea upande mmoja kama unaosikiliza jambo.

Mwaka 1204 Mfalme John aliipa Chesterfield hati ya mji, na soko lake likastawi. Mwanzo wa jengo la sasa la kanisa hutajwa kuwa mwaka 1234. Ramani yake ni ya msalaba: ukumbi mrefu wa waumini, sehemu ya madhabahu upande wa mashariki, mabawa mawili kaskazini na kusini, na mnara wa mawe pale mikono ya msalaba inapokutana. Ujenzi uliendelea kwa vizazi kadhaa, na sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ni kazi ya karne ya 14. Vyama vya kindugu vya wenyeji, mashuhuri kikiwa kile cha Mtakatifu Maria, viliipa parokia nguvu, na kanisa hili likawa kubwa kuliko mengine yote ya parokia katika Derbyshire.

Mnamo mwaka 1362 hivi, juu ya mnara wa mawe kilipandishwa kilele cha mbao chenye pande nane. Kutoka chini hadi nchani ni takriban mita 70. Hiki ndicho kilicholipa kanisa jina lake duniani, kwa sababu kimejizungusha kiasi cha nyuzi 45, na ncha yake imehama karibu mita 3 kutoka mahali ilipopaswa kuwa.

Kwa nini? Fundi wa zama zile hakuona ajabu kujengea mwaloni mbichi. Mti uliokatwa karibuni huchongeka kwa urahisi, ilhali mwaloni mkavu huishinda patasi. Alichotakiwa ni kujua utakavyosinyaa ukikauka, na kuukaza kwa mihimili ya kukingama. Lakini tauni ya mwaka 1348 na 1349 ilikuwa imefyeka mafundi wengi wa Uingereza, na wachunguzi wa mnara huu hudhani kwamba pamoja nao ulipotea ujuzi mwingi. Mihimili ya kukingama haikutosha.

Kisha kuna risasi, madini yaliyochimbwa kwa wingi katika vilima vya Derbyshire. Mbao zimevikwa mabati ya risasi yenye uzito wa tani zipatazo 33, mzigo ambao huenda kiunzi hakikukusudiwa kuubeba. Jua huupiga upande wa kusini, risasi ya huko ikatanuka kuliko ile ya kaskazini, na mbao zilizo chini yake zikasukumwa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Mabati hayo yamepangwa mshazari mithili ya miba ya samaki, mpango unaoufanya msokoto uonekane zaidi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mwaloni wa Chesterfield haukumngoja mtu, ulijikunja wenyewe ulipokuwa ukikauka.

Wenyeji wana maelezo yao. Wengine husema mhunzi wa Bolsover alimpigilia Shetani kiatu cha farasi, msumari ukamwingia nyamani, naye akaruka juu ya kanisa kwa uchungu na kuupiga mnara teke. Wengine, kwa utani, husema siku moja bibi harusi aliyekuwa bikira kweli aliingia kanisani, mnara ukageuka kumtazama, na utanyooka siku atakapotokea wa pili.

Kanisa lilivuka Matengenezo ya karne ya 16 na kuwa la Kianglikana, na tangu mwaka 1927 limo katika Dayosisi ya Derby. Katika miaka ya 1840 msanifu George Gilbert Scott alisimamia ukarabati wake. Alipoondoka, mnara ulikuwa bado umepinda.

Usiku mgumu kuliko yote ulikuwa wa tarehe 22 Desemba 1961. Moto ulizuka ndani ya kanisa, ukateketeza bawa la kaskazini pamoja na kinanda cha mabomba kilichotengenezwa na John Snetzler mwaka 1756. Risasi huyeyuka upesi, na mwaloni wa karne sita ni kuni tayari. Lau moto ungepanda, mji ungeamka bila alama yake. Wazimamoto waliudhibiti. Mahali pa kinanda kilichoungua kililetwa kingine, kazi ya T. C. Lewis, kutoka Glasgow.

Ifikapo mwaka 2034, kwa hesabu ya 1234, jengo litatimiza miaka 800. Sheria inalilinda katika daraja la juu kabisa la majengo ya kihistoria ya Uingereza, na wageni hupanda ngazi za mnara kwenda kuutazama msokoto kwa karibu. Majina ya maseremala wale hatukuachiwa. Tuliachiwa kosa lao, na mji umelipenda hata ukalitia kwenye nembo ya timu yake ya kandanda.