MFAHAMU CHOI JIN-SIL: STAA WA TAMTHILIA KOREA ALIYEPIGANIA JINA LA WANAE



Wengi wetu tamthilia za Kikorea tulizijulia kwenye Jumong, ile iliyorushwa na kituo cha MBC cha kule Seoul mwaka 2006 hadi 2007. Lakini kabla ya akina Soseono, kituo hichohicho kilikuwa na dada mmoja ambaye miaka ya 1990 yote alikuwa anatamba Korea Kusini, ukiwasha TV unamkuta. Anaitwa CHOI JIN-SIL. Kwa Wakorea jina la ukoo ndilo linaloanza, kwa hiyo Choi ni ukoo na Jin-sil ndilo jina lake mwenyewe. Hilo la ukoo lishike vizuri mdau, maana huko mbele ndipo kwenye kasheshe.

KUZALIWA NA MAISHA YA SHIDA

Alizaliwa tarehe 24 Desemba 1968. Wazazi wake walitengana, yeye na mdogo wake wa kiume Choi Jin-young wakabaki na mama. Maisha yalikuwa magumu kweli. Siku nyingi chakula kilikuwa sujebi, yaani vipande vya unga wa ngano vilivyokandwa na kuchemshwa kwenye supu, chakula cha mtu asiye na hela ya wali. Hata alipokuwa staa hakuficha hayo, mpaka watu wakampachika jina la utani "Choi Sujebi". Mdogo wake naye baadaye akaja kuwa mwigizaji na mwanamuziki.

ALIVYOTOKA

Mwaka 1988 alipata nafasi kwenye tangazo la Samsung, akaigiza kama mke kijana nyumbani kwake. Tangazo fupi tu, lakini nchi nzima ikaanza kuuliza huyu binti ni nani. Mwaka huohuo akaanza kuonekana kwenye tamthilia za MBC. Mwaka 1990 akatokea kwenye filamu mbili zilizompa heshima, Nambugun, inayohusu wapiganaji wa msituni wakati wa vita vya Korea, na My Love, My Bride aliyocheza na Park Joong-hoon.

Kilichompeleka juu kabisa ni tamthilia ya Jealousy ya mwaka 1992, alipocheza na Choi Soo-jong. Wakati ule tamthilia nyingi za kwao zilikuwa za familia na mambo ya wafalme. Hii ikaja na vijana wa mjini, kazi zao, urafiki unaogeuka mapenzi. Wakorea wanaihesabu kuwa ndiyo iliyofungua njia kwa tamthilia za namna hiyo, na watazamaji wake walivuka asilimia 50. Mwaka 1997 akatoa Star in My Heart na Ahn Jae-wook, ambayo ilivuka mipaka mpaka China na kuwa moja ya kazi za mwanzo za lile wimbi la burudani za Kikorea lililokuja kuenea duniani.

NDOA NA MATATIZO YAKE

Desemba 2000 alifunga ndoa na Cho Sung-min, mchezaji wa besiboli aliyekuwa akirusha mpira katika timu ya Yomiuri Giants ya Japani. Bwana harusi alikuwa mdogo kwake kwa miaka mitano. Magazeti yakafurahi, wakapata mtoto wa kiume mwaka 2001 na wa kike mwaka 2003. Lakini huyo wa pili hata kabla hajazaliwa ndoa ilikuwa imeshaingia ufa, na mwaka 2004 wakatalikiana. Watoto akabaki nao mama.

Mwezi Agosti 2004, kabla talaka haijakamilika, Choi alipigwa na mumewe. Picha za uso wake uliovimba zikatoka kwenye vyombo vya habari. Sasa sikia maajabu haya: kampuni moja ya ujenzi aliyokuwa anaitangazia majumba ikamshitaki YEYE, ikidai ameharibu sura ya biashara yao. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu, na Juni 2009 majaji wakasema mtangazaji ana wajibu wa kulinda heshima yake, na kuonyesha majeraha yale hadharani kulivunja mkataba. Vyama vya wanawake vikakasirika sana, maana aliyepigwa ndiye aliyeonekana mkosaji. Wakati hukumu inatoka, mwenyewe alikuwa ameshafariki.

ALIVYORUDI KWA KISHINDO

Kwa wakati ule mwanamke aliyeachika Korea alikuwa ananyooshewa kidole, na wengi walijua huyu dada basi tena. Mwaka 2005 akarudi na My Rosy Life ya kituo cha KBS. Safari hii hakuja kama kimwana. Alicheza mama wa nyumbani aliyechoka, mume anamsaliti, halafu anagundua ana saratani. Watazamaji wakapita asilimia 40. Akina mama waliokuwa wakimsema walilia naye sebuleni. Mwaka 2008 akaja na Last Scandal of My Life pamoja na Jung Joon-ho, nayo ikapendwa.

JINA LA WATOTO

Hapa ndipo pa muhimu wadau. Korea kulikuwa na utaratibu unaoitwa hoju, kwamba kila familia lazima iandikishwe chini ya kichwa chake, na huyo kwa kawaida ni mwanaume. Mtoto alifuata ukoo wa baba hata kama baba hayupo kabisa. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ikasema utaratibu huo haupatani na katiba, na tarehe 1 Januari 2008 ukafutwa rasmi. Mwaka huohuo Choi akaenda mahakamani kuomba wanae waitwe Choi, na akakubaliwa. Hakuwa peke yake aliyeomba, ila yeye alikuwa maarufu kuliko wote, kwa hiyo matusi mengi ya mtandaoni yakamwangukia yeye.

UVUMI NA KIFO

Septemba 2008 mwigizaji mwenzake Ahn Jae-hwan alifariki akiwa na madeni. Ukazuka uvumi kwenye intaneti kwamba Choi alimkopesha won bilioni 2.5 na kumsumbua alipe. Choi akakana, akaenda polisi. Mfanyakazi mmoja wa kampuni ya hisa akahojiwa kwa kuusambaza uvumi huo. Lakini maneno yalikuwa yameshafika kila mahali. Tarehe 2 Oktoba 2008 alijitoa uhai nyumbani kwake Seoul. Alikuwa na miaka 39, na kwa muda mrefu alikuwa akisumbuliwa na sonona. Hata alipozikwa hakuachwa: Agosti 2009 majivu yake yaliibiwa makaburini, polisi wakamkamata mwizi na kuyarudisha. Mdogo wake Jin-young akafariki Machi 2010, na Cho Sung-min Januari 2013. Watoto wakalelewa na bibi yao mzaa mama.

SHERIA ZILIZOPEWA JINA LAKE

Kuna mbili zilizoitwa "sheria ya Choi Jin-sil". Ya kwanza ilitoka chama tawala, kuadhibu matusi ya mtandaoni. Wapinzani wakasema serikali inataka kuziba watu midomo, ikakwama. Ule utaratibu wa kulazimisha watu wajitambulishe kwa majina halisi kwenye tovuti kubwa, ulioanza 2007, nao ulifutwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2012. Baadaye tovuti zenyewe ndizo zilizochukua hatua: Daum ilifunga maoni kwenye habari za wasanii mwaka 2019, Naver ikafuata 2020.

Ya pili ndiyo iliyopita. Choi alipokufa, mamlaka juu ya watoto yalirudi moja kwa moja kwa baba aliyekwishayaacha, na bibi aliyekuwa anawalea hakuwa na sauti kisheria. Watu wakapiga kelele. Bunge likabadilisha sheria mwaka 2011, ikaanza kutumika Julai 2013: mzazi mwenye ulezi akifariki, mahakama ndiyo inayoangalia nani anafaa kwa mtoto. Leo bibi yeyote Korea anayelea mjukuu baada ya mwanae kufariki ana pa kwenda kusikilizwa.

Huyo ndiye Choi Jin-sil. Tamthilia zake bado zinatafutwa, ukipata My Rosy Life usiiache.

Haya wadau, uwanja wenu. Mama akiwa ndiye anayelea peke yake, mtoto achukue ukoo wa nani? Changieni kwa hoja, matusi nayafuta. Na kama wewe unayesoma umezidiwa na mawazo, usikae nayo peke yako, mwambie mtu unayemwamini au nenda hospitali leo hii.

Tuko pamoja.