Hollókő: Kijiji Kilichojijenga Upya

Mwaka 1909 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Hollókő, kijiji kidogo cha jamii ya Wapalóc katika vilima vya Cserhát, kaskazini mwa Hungaria. Haukuwa moto wa kwanza. Nyumba za mbao zilizoezekwa nyasi, tena zimebanana kando ya njia moja, zilikuwa zimeungua mara kwa mara.

Wanakijiji walijenga upya kwa ramani ile ile ya zamani, ila safari hii msingi ukawa wa mawe na paa likawa la vigae. Uamuzi huo ndio uliookoa sura ya kijiji.

Itazame nyumba moja kwa karibu. Kuta zimepakwa chokaa nyeupe, na ubavuni kuna baraza ndefu yenye nguzo za mbao. Mlango unaingilia jikoni. Upande wa njia kuna chumba cha familia, na upande wa pili ghala la chakula. Watoto walipooa, walijenga nyuma ya nyumba ya wazazi, katika kiwanja kile kile chembamba.

Ngome iliyo kilimani ni kongwe zaidi: ilijengwa karne ya 13, baada ya uvamizi wa Wamongolia. Kanisa dogo lenye mnara wa mbao ni la mwaka 1889.

UNESCO iliiorodhesha Hollókő kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1987. Kila Jumatatu ya Pasaka, vijana wa kiume waliovaa mavazi ya jadi bado huwamwagia wasichana ndoo za maji.