Kidonge cha Kukesha: Wajerumani Walikijaribu

Wiki ya mitihani, umewahi kutamani kidonge kimoja tu kikuondolee usingizi? Basi kaa nikusimulie.

Mwaka 1893 mwanakemia wa Japani, Nagai Nagayoshi, alitengeneza methamfetamini kutokana na efedrini. Mwaka 1938 kampuni ya Temmler ya Berlin ikaanza kuiuza kwa jina la Pervitin, bila hata cheti cha daktari. Jeshi nalo likavutiwa. Katika miezi michache ya 1940 askari walipelekewa vidonge takriban milioni 35. Kuna waliokaa macho siku mbili, hata tatu.

Lakini dawa hii haikupi nguvu mpya. Inaulazimisha ubongo kumwaga dopamini kwa wingi, na uchovu unafichwa tu, hauondoki. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, mwili unachemka. Hapo moyo unaweza kusimama, au mshipa wa ubongo ukapasuka. Ukiizoea, unaanza kusikia sauti zisizokuwepo na kumshuku kila mtu.

Mwaka 1941 serikali ileile ya Ujerumani ikaibana kwa sheria ya kasumba. Japani, ambako akiba za jeshi zilisambaa mitaani baada ya vita, ikapitisha sheria kali mwaka 1951.

Leo inauzwa vichochoroni, na mnunuzi hajui imechanganywa na nini. Rafiki yako akiitumia kisha akalalamika kifua kinambana, mkimbize hospitali na umwambie daktari ukweli. Na wewe ukichoka, funga daftari, lala. Usingizi ni deni, na mwili hausamehi.