Lugha ya Mama Ilipopata Kazi Nyingine

Sisi watoto wa Nairobi tulizoea kusema Sheng haina kabila. Ilikulia Eastlands, mitaa kama Kaloleni na Shauri Moyo, ambako Mluo, Mkamba na Mkikuyu walichota maji mfereji mmoja. Lugha ya mama ilibaki ya ocha. Baada ya uchaguzi wa 2007 tukaanza hata kuiogopa: chuki ilisambazwa kwa SMS na kwenye redio za lugha za kienyeji.

Kisha ikaja Juni 2024. Muswada wa Fedha uliandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Vijana wakauchambua TikTok kwa Sheng, Kikuyu, Dholuo na lugha nyingine za kwao, ndio shosho aelewe pendekezo la kutoza mkate VAT ya asilimia 16. Tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bunge, wengine wakauawa. Kesho yake Rais akasema hatausaini.

Lugha zile zile zilizouliza wewe ni wa wapi sasa zikauliza mkate utakuwa pesa ngapi. Kabila halijaisha, wasee. Uchaguzi wa 2027 utatuonyesha tumechagua swali gani.