Mbwa wa Shamba Anapolala Mjini: Haki ya Jirani katika Fikihi ya Pwani ya Kilwa na Lindi

Miongoni mwa mashauri yanayofikishwa kwa maimamu wetu baada ya swala, shauri la mbwa wa jirani huhesabiwa kuwa dogo. Mtu analalamika kwamba mbwa wa fulani anabweka usiku kucha, watoto hawalali, na mwenye kwenda swala ya Alfajiri anakimbizwa njiani. Jawabu analopewa mara nyingi ni moja: mbwa ni najisi, mwambieni amwondoe. Kesho yake mwenye mbwa naye anakuja na hoja yake. Ana shamba la mihogo, nguruwe wanalimaliza, na Mtume (S.A.W.) ameruhusu mbwa wa shamba. Hapo shehe hukwama, na pengine wiki haijapita mbwa anakutwa amekufa kwa sumu, na watu wawili waliokuwa wakisimama safu moja msikitini wanaacha kuamkiana.

Ndugu msomaji, jawabu hilo fupi halitoshi, kwa sababu fikihi tuliyorithi katika pwani hii imelipima suala hili kwa mizani zaidi ya moja, na historia ya ardhi yetu nayo imelibadilisha.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 731 Hijria (1331), zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyejulikana kwa lakabu ya Abul-Mawahib, aliwasifu watu wake kwa dini na wema na akataja wazi kwamba wao ni wafuasi wa Imamu Shafii. Wakati huo Imamu Nawawi alikuwa ameshafariki kwao Nawa, nchi ya Shamu, mwaka 676 (1277). Kitabu chake cha Minhaj at-Talibin ndicho kilichokuja kuwa tegemeo la wanafunzi na makadhi wa pwani. Hata mahakimu wa Kiingereza walipotaka kuhukumu baina ya Waislamu wa Afrika Mashariki waliifungua Minhaj kwa tafsiri ya Kiingereza ya E. C. Howard, iliyotoka mwaka 1914. Basi shauri la mbwa wa Kilwa ni haki tulianzie kwa Nawawi.

Habari ya unajisi tuipite haraka, kwani haimhusu sana jirani. Kwa Shafii mbwa ni najisi nzito, na palipoguswa kwa umajimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Imamu Malik anamhesabu kuwa twahara, na Wahanafi wanatofautisha baina ya mate na mwili. Lakini sauti haina unajisi. Mlalamikaji hakuguswa na mate, ameguswa na usingizi wake.

Mizani ya kwanza ni ya kufuga. Hadithi zilizomo katika Bukhari na Muslim zinaeleza kwamba mwenye kufuga mbwa, asiyekuwa wa kuwinda wala wa kulinda mifugo, hupungukiwa kila siku na qirati katika ujira wa amali zake. Riwaya nyingine zinasema qirati mbili. Abu Huraira (R.A.) ndiye aliyepokea nyongeza ya mbwa wa shamba, na Ibn Umar alipotajiwa hilo akasema kwamba Abu Huraira alikuwa na shamba. Wako waliodhani hayo ni maneno ya kumtilia shaka. Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, anaikataa dhana hiyo: mwenye jambo ndiye anayelihifadhi zaidi, na mtu wa shamba alikuwa na sababu ya kukishika kilichosemwa juu ya shamba.

Hapo hapo Nawawi anajiuliza kwa nini riwaya moja itaje qirati moja na nyingine mbili. Katika majibu aliyoyataja limo hili, ambalo naona wengi wetu tunalipita bila kusimama: huenda qirati mbili ni kwa anayefuga mijini na vijijini, na qirati moja ni kwa anayefuga jangwani. Na anapotafuta sababu ya ujira kupungua, pamoja na malaika kutoingia nyumba yenye mbwa, anataja maudhi wanayoyapata wapita njia, kwa mbwa kuwatisha na kuwakabili. Kumbe haki ya jirani imo ndani ya hukumu ya kufuga tangu mwanzo, wala haikuletwa na watu wa leo wasiopenda kelele.

Je, mbwa wa kulinda nyumba? Nawawi anasema wanazuoni wa madhehebu wana kauli mbili, na iliyo sahihi zaidi ni kuruhusu, kwa kukisia juu ya wale watatu waliotajwa, kwa sababu haja ni ile ile. Kwa hiyo asimame imamu na aseme haramu moja kwa moja, atakuwa ameiacha kauli ya madhehebu yake mwenyewe.

Mizani ya pili ni ya mtu na milki yake, na hapa Minhaj itawashangaza wengi. Katika mlango wa kuhuisha ardhi, Nawawi anaona kuwa kauli sahihi zaidi ni kwamba mtu anaweza kuigeuza nyumba yake iliyozungukwa na makazi ya watu kuwa hamamu au zizi, na duka lake lililo katikati ya wauza nguo kuwa la mhunzi, madhali amechukua tahadhari na kuziimarisha kuta. Fikiria nyundo ya mhunzi ikilia mchana kutwa! Maana yake ni kwamba maudhi ya sauti peke yake, kwa Shafii, hayamnyang'anyi mtu haki ya kutumia chake. Wamaliki ni wakali zaidi katika mlango huu, na Wahanafi waliokuja baadaye walizuia madhara yaliyo makubwa. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa hata katika Majalla ya Waothmani, iliyokamilika mwaka 1876.

Wala asidhani mwenye mbwa kwamba ameshinda. Nyundo ya mhunzi ina ruhusa ya asili, na mbwa asili yake ni katazo lililofunguliwa kwa haja. Anayetaka kumfuga ndiye anayetakiwa kuithibitisha haja hiyo. Mlalamikaji anayepeleka shauri la kelele anachukua njia dhaifu. Swali lenye nguvu ni moja, nalo ni kwamba mbwa huyu yuko hapa kwa haja gani.

Na haja katika wilaya zetu si ya kubuni. Nchi iliyo nyuma ya Kilwa na Lindi ni nchi ya nguruwe pori, nyani na simba. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vilivyoanzia katika vilima vya Umatumbi, viliacha mashamba na vijiji vitupu, na porini huko ndiko lilikokua pori la akiba lililoitwa Selous tangu 1922, ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Watafiti wakiongozwa na Craig Packer walichapisha mwaka 2005 kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 na kujeruhi wasiopungua 308 nchini Tanzania, na maeneo ya pwani ya kusini, Lindi ikiwemo, ndiyo yaliyoathirika zaidi. Walieleza pia sababu. Nguruwe hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na mkulima amelala humo humo kwenye dungu lake akilinda, hasa miezi ya mavuno. Anayemuonea haya mkulima wa namna hiyo kwa kuwa na mbwa hajalala dunguni.

Kilichobadilika ni mahali. Zamani mwenye shamba aliishi shambani, na mbwa wake alibweka porini. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Mwalimu Nyerere alitangaza Novemba 1973 kwamba hadi mwisho wa 1976 wananchi wote wawe wanaishi vijijini, na mikoa hii ya kusini ilikuwa imekwisha kuanza kuhamishwa kabla ya hapo. Nyumba zikapangwa kando ya barabara, ua kwa ua, na shamba likabaki mbali. Mbwa akahama pamoja na bwana wake. Tangu hapo mbwa wa shamba amekuwa akilala mjini, mahali ambapo hakuna mhogo wala nguruwe, na jirani yuko hatua kumi. Ruhusa ya Abu Huraira ilikuwa ya shamba. Kuibeba hadi uani ni jambo jingine, labda mtu adai haja ya kulinda nyumba, na hapo atadaiwa nini anakilinda na kutoka kwa nani.

Limebaki suala la madhara yanayoshikika. Minhaj inasema paka aliyezoeleka kula ndege au chakula cha watu, mwenyewe hulipa, awe ameharibu usiku au mchana. Wafafanuzi wameyapeleka hayo kwa mbwa anayejulikana kwa kung'ata: mwenyewe amfunge, asipomfunga atadhamini. Na kwa zama zetu yapo maradhi ya kichaa cha mbwa. Kuanzia 2010 mradi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani ulichanja mbwa kwa wingi kusini mashariki mwa Tanzania, Lindi na Mtwara zikiwemo, pamoja na Pemba. Kipimo cha wataalamu ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Asiyemchanja mbwa wake amewaweka majirani katika hatari, na hoja ya shamba haimsaidii.

Ama sumu, hiyo haina mlango. Amri ya kuua mbwa iliyotolewa Madina ilifuatwa na katazo, kama ilivyo katika Muslim, na mbwa asiyedhuru hauawi katika kauli iliyotegemewa na Ramli. Anayeruhusiwa kuuawa ni mbwa mkali anayeshambulia, tena si kwa nyama yenye sumu inayotupwa usiku ikaliwa na kuku wa mtu wa tatu.

Mahakama za makadhi wa serikali Bara zilikwisha mwaka 1963, na Kadhi aliyepo hana nguvu ya kumlazimisha mtu. Kwa hiyo njia ni ya suluhu kwanza. Mlalamikaji apige hodi mwenyewe, mchana, aseme, "Mzee wangu, nimekuja kama jirani," wala asianze na neno najisi. Akikataliwa aende na imamu, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa. Abu Daud amepokea kisa cha mtu aliyemshitaki jirani yake kwa Mtume (S.A.W.), akaambiwa asubiri, na aliporudi tena na tena akaambiwa avitoe vyombo vyake njiani. Wapita njia wakauliza, wakajua, wakamlaani yule jirani, naye akaja mwenyewe kumwomba mwenzake arejee nyumbani.

Na imamu anapowakalisha wawili hao, aulize tarehe. Wafafanuzi wa madhehebu wanasema haja ikiondoka, ruhusa nayo huondoka. Mbwa aliyeletwa kulinda mpunga mwezi wa Machi ana hoja mpaka mpunga uingie ghalani. Baada ya hapo abaki shambani kwa mlinzi, au apewe mwenye mifugo anayemhitaji, au afungwe ndani ya ua usiku ikiwa haja ya kulinda nyumba imethibiti. Wallahu a'lam.