Mukate, Mtama na Maneno ya Gluteni: Je, Ni Mtindo wa Kupita?

Siku hizi hata mu Goma tunasikia maneno ya kukataa ngano. Ndugu walioko Bulaya wanatuambia kwa simu: "Acheni mukate, gluteni ni mbaya." Wengine wanacheka: "Hiyo ni mambo ya wenye kushiba." Sisi walimu tunapenda kuuliza kwanza: kitu hiki kimetoka wapi?

Gluteni ni protini iliyo ndani ya ngano na shayiri. Ndiyo inayofanya unga uliokandwa uvutike na mukate uvimbe. Mtama, ulezi, mahindi, mchele, muhogo, viazi na ndizi havina gluteni.

Wazee wetu wa kitambo hawakujua mukate. Mtama na ulezi ni nafaka za Afrika yenyewe. Walikula bugali yake na kunywa pombe yake kwenye ndoa. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika, vikaletwa Afrika na Wareno. Ngano ilifika kwetu nyuma, pamoja na wamisionari na wakoloni. Iliota vizuri kwenye baridi ya milima ya Lubero, lakini mukate ulikuwa chakula ya mzungu, kisha ya karani. Mukate na chai asubuhi vikawa alama ya mtu aliyesoma, mtama ukaachiwa maskini. Basi kuishi bila ngano kwetu si mtindo mpya. Mgeni ni mukate.

Je, ugonjwa wenyewe ni kweli? Ni kweli. Huko Uholanzi, daktari Willem Dicke alitunza watoto wenye kuharisha bila kupona, tumbo limevimba, mwili unakonda. Wakati wa njaa ya 1944-1945 mukate ulikosekana, na watoto wale wakapata nafuu. Mukate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Mwaka 1950 aliandika matokeo yake. Ugonjwa huo, seliaki, unampata karibu mtu 1 kwa 100 huko Ulaya. Wala si wa wazungu tu: kati ya watoto Wasahrawi, watu wa Sahara ya Magharibi, utafiti wa 1999 ulikuta zaidi ya 5 kwa 100.

Hapo ndipo tunaogopa kicheko. Mtoto akiharisha na kukonda, sisi wote tunasema: minyoo, amiba ao bwaki. Mara nyingi ni hivyo. Lakini asipopona baada ya dawa, tumuulize munganga juu ya seliaki. Na tusimwachishe mukate kabla ya kupimwa damu, maana vipimo vinaweza kushindwa kuonyesha ugonjwa. Akikutwa nao, ngano anaiacha maisha yake yote. Hata Kanisa Katoliki linajua jambo hili: barua ya Roma ya 2017 ilikumbusha kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliwi, lakini yenye gluteni kidogo sana inakubaliwa. Mgonjwa anaweza pia kukomunika kwa divai peke yake.

Kwa mtu mwenye afya, kuacha ngano si dawa. Akipungua uzito, pengine ni kwa sababu ameacha mandazi yenye mafuta na sukari. Kununua kwa bei kali unga wa kigeni ulioandikwa "bila gluteni", wakati muhogo umejaa sokoni Virunga, huo ndio mtindo wenye utapita.

Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ngano duniani, tukakumbushwa kwamba mukate wetu unategemea mashamba ya mbali. Lakini uji wa sosoma, yaani soya, mtama na mahindi, tunao. Mgonjwa wa seliaki anaweza kuunywa, mradi kinu kisiwe kimesaga ngano mbele yake. Mwacha asili ni mtumwa. Wamama wenye bado kuweka mbegu za mtama na ulezi, tuwaulize mapema namna ya kuzitunza, kabla hatujaanza kuzinunua nazo kutoka Bulaya.