Behewa la Maji
Atazamaye garimoshi huisifu injini, asilijali behewa la maji na kuni lililofungwa nyuma yake. Kumbe injini haifiki mahali ambapo maji yake hayafiki! Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 iliingia upesi katika nyika kavu ya Taru. Maji ya wajenzi yalipelekwa kwa garimoshi, na injini yenyewe ilihitaji yake. Tena behewa lile lilikuwa mzigo: lilivutwa, lisivute. Mwaka 1926 zikaletwa injini za Garratt, ambazo matangi yake yalikaa juu ya magurudumu yavutayo, na uzito wa maji ukayazuia yasiteleze mlimani. Mojawapo ya zile kubwa zilizoanza kufika mwaka 1955, Mount Gelai, yenye tani 252 hivi, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Nawe msomaji waweza kuyapima matangi yake kwa macho.